Ufa mwishoni mwa pleti: kisa cha chasisi ya Chevrolet C10 ya 1970

Lalamiko lilikuwa la mlango. Mwenye gari alisema mlango wa dereva unagoma kufunguka kila anapopakia mzigo, na ukifunguka unakwangua rangi ya nguzo ya kabini. Alikuwa ameshabadilisha bawaba mara mbili, na siku hiyo alikuja na jozi ya tatu mkononi. "Fundi, nifungie hizi tu, nina safari," akasema. Nikamwomba anipe nusu saa kwanza. Gari likiwa mahali tambarare, nilipiga jeki upande wa mbele kushoto hadi tairi likaacha ardhi. Mlango ukabana. Nikashusha, nikahamishia jeki upande wa kulia. Mlango ukaachia, ukafunguka kwa kidole kimoja.

Bawaba haijui jeki iko upande gani. Inayojua ni chasisi.

Nilipima nafasi iliyopo kati ya mgongo wa kabini na bodi ya mizigo, kushoto na kulia, kwa juu ambako msogeo huonekana zaidi. Pikapu za aina hii hujinyonga kidogo, na hiyo si kasoro. Chasisi yake ni kama ngazi iliyolazwa, mihimili miwili mirefu na vyuma vya kukatiza, na ilitengenezwa ijinyonge kiasi gurudumu moja linapotumbukia shimoni. Lakini ikiwa nzima, pande mbili husogea kwa kiasi kinachokaribiana, huku ukifunga na kule ukifunguka. Hapa upande wa kulia ulisogea mm 4, wa kushoto mm 11. Tofauti hiyo ndiyo iliyonipeleka chini ya gari, na safari ya mwenye gari ikaahirishwa.

Gari lenyewe

Ni C10 ya bodi ndefu, yenye inchi 127 kati ya ekseli na ekseli, karibu mita 3.2. Kizazi hiki cha pikapu za Chevrolet, cha 1967 hadi 1972, kina mihimili ya umbo la C, iliyo wazi kwa ndani: ukuta mmoja uliosimama, na mabawa mawili yaliyolala, la juu na la chini. Kwa nyuma, C10 nyingi hazikupewa springi za majani, yaani zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ekseli imefungwa kwenye mikono miwili mirefu inayokwenda mbele hadi kwenye chuma kimoja cha kukatiza chini ya kabini, na uzito wa mzigo unakaa juu ya springi za koili. Tangi la mafuta nalo liliwekwa kiwandani ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Mchomeleaji asiyelijua hilo anaweza kupoteza zaidi ya gari.

Injini yake ya kwanza ilikuwa ya silinda 6 za mstari, inchi za ujazo 250, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 155. Ilishang'olewa, ikawekwa V8 ya lita 5.3 ya miaka ya karibuni pamoja na giaboksi yake ya otomatiki ya gia nne. Watu wengi wakifanya badiliko hili hufikiria uzito wa injini mpya, na uzito siyo shida kubwa. Shida iko nyuma, kwenye ile mikono miwili.

Ukikanyaga mafuta, magurudumu yanasukumwa mbele na nyumba ya ekseli inataka kujizungusha kinyume chake. Kinachoizuia ni mikono, na mikono inazuia kwa kusukuma chuma cha kukatiza kwenda juu. Injini hii inatoa nguvu ya kuzungusha ya karibu newtonimita (Nm) 450. Gia ya kwanza ya giaboksi yake inazidisha mara 3.06, na difu ya gari hili, yaani gia zilizo ndani ya ekseli ya nyuma, inazidisha tena mara 3.73. Inafika zaidi ya Nm 5,000 kwenye ekseli. Gawa kwa urefu wa mkono, ambao ni kama mita 1.2, na unapata msukumo wa newtoni 4,000 na ushee, sawa na kilo 400 zikigonga mhimili kutoka chini kila gari linapong'oa nanga kwa nguvu. Injini ya zamani ilikuwa inasukuma kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya hapo. Riveti zilizoshika chuma hicho ni zilezile za 1970.

Hilo peke yake lisingevunja chasisi. Chuma cha kiwandani kina akiba. Akiba ilikuwa imeliwa na mtu mwingine kabla.

Tulichokikuta

Kwenye mhimili wa kushoto, kuanzia nyuma ya kabini kwenda mbele, kulikuwa na pleti ya kama sentimita 45 iliyobandikwa nje ya mhimili na kuchomelewa kuzunguka pande zote nne. Ilipakwa rangi nyeusi nzito, na kwa haraka ungeona kazi ya mtu makini, maana mshono wenyewe ulikuwa sawa, umelala vizuri, hauna matundu. Ncha yake ya mbele iliishia kwa mstari wima, sentimita 5 hivi kabla ya chuma kinachoshika mikono ya nyuma. Kwa chini, mshono ulikuwa umekunjwa ukavuka bawa la chini la mhimili kutoka ukingo hadi kona.

Nilikwangua rangi kwa waya brashi, kisha nikatumia dawa ya kupenya: unapulizia kimiminika chekundu, unasubiri kiingie, unafuta juu kabisa, halafu unapulizia poda nyeupe. Kilichoingia ndani ya ufa hunyonywa na poda kikajichora chenyewe. Dakika chache baadaye mstari mwekundu ulitokea, mwembamba kama uzi, umefuata kando ya mshono kwenye bawa la chini, ukafika konani, ukapanda kwenye ukuta wa mhimili mm 24 zaidi.

Baadaye tulipouchimba ufa ule ili kuutengeneza, nyuso zake zilikuwa na rangi mbili. Sehemu ya ukingoni ilikuwa kahawia iliyokolea, kutu ya miaka. Sehemu ya juu ilikuwa bado inang'aa kama chuma kilichokatwa jana. Maana yake ufa ulianzia chini, ukakaa muda mrefu ukitambaa polepole, kisha siku za karibuni ukashika kasi. Mwenye gari aliinama akautazama kwa muda bila kusema kitu. Alikuwa akisafiri na watoto ndani ya gari hilo.

Kwa nini ulianzia pale

Gari likiwa na mzigo, mhimili kati ya ekseli mbili unataka kulegea katikati, kama kamba ya kuanikia nguo. Bawa la juu linabanwa, la chini linavutwa. Ufa huzaliwa kwenye chuma kinachovutwa, ndiyo maana bawa la chini ndilo la kuliogopa kuliko sehemu nyingine yoyote ya chasisi. Fundi aliyeweka pleti alipitisha mshono kukatiza bawa hilo. Mshono unaokatiza mwelekeo wa mvuto huacha kijibonde pembeni mwake ambapo chuma kimeyeyuka kidogo, na kijibonde hicho, hata kama hukioni kwa macho, ndipo mvuto wote unapokusanyika.

Kosa la pili ni ncha wima. Mhimili uliokuwa na unene wa mm 4 uligeuka ghafla kuwa mm 10 palipoanza pleti, kwa kuwa pleti yenyewe ilikuwa ya mm 6. Aliyewahi kushona kiraka cha turubai kwenye shati kuukuu anajua litakapochanika: si kwenye kiraka, ni uzi mmoja kando yake. Sehemu ngumu inakataa kupinda, kwa hiyo kupinda kote kunahamia kwa jirani yake dhaifu, tena kwenye mstari mmoja.

Kwenye uchovu wa chuma, yaani kuchoka kwa kutikiswa mara nyingi, hasa karibu na mishono, hesabu ni kali. Umri wa mshono hupungua kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Mkazo ukiwa mara mbili, idadi ya mitikisiko ambayo mshono unaweza kuivumilia hushuka hadi karibu moja ya nane. Basi fundi wa kwanza hakuhitaji kukosea sana. Alichohitaji ni kuongeza mkazo mahali padogo, na barabara ikamalizia kazi.

Naamini alikuwa na nia njema. Aliona mhimili umechoka akaongeza chuma. Wengi wetu tumefundishwa hivyo, kwamba chuma kinene ni nguvu. Lakini swali la kujiuliza unaposhika pleti ni hili: nguvu ikitoka kwenye pleti hii inakwenda wapi, na inapokelewa na nini?

Mwenye gari alitaka tufunge yote

Alipoelewa, alitaka tiba kubwa. "Fundi, ziba mihimili yote miwili kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Nataka nisiione tena shida hii." Tulikaa tukaongea, maana ombi lake lina mantiki na wapo wanaofanya hivyo, na magari yao yanakwenda vizuri.

Kuziba mhimili wa C ni kuchomelea pleti kwenye upande ulio wazi ili upate boksi. Faida yake ni kubwa ajabu upande mmoja na ndogo upande mwingine, na tofauti hiyo lazima ieleweke kabla ya kuwasha mashine. Tulipopima, mhimili ulikuwa na kina cha mm 150, mabawa ya mm 60 na unene wa mm 4. Ukiuziba kwa pleti ya mm 3, ukinzani wake dhidi ya kunyongwa unapanda zaidi ya mara 300. Siyo asilimia 300, mara 300. Umbo lililo wazi halina kitu cha kushikilia mnyongo, na umbo lililofungwa linauzungusha ndani yake kama bomba. Lakini ukinzani dhidi ya kupinda kwa mzigo unaongezeka kwa karibu asilimia 20 tu, kwa kuwa kwenye kupinda kinachofanya kazi kubwa ni mabawa ya juu na ya chini, na hayo hujayagusa.

Kwa hiyo anayeziba mhimili ili abebe mizigo mizito zaidi amejidanganya. Anayeziba ili gari liache kujinyonga, milango ikae, usukani ujibu na springi zifanye kazi yake, huyo yuko njia sahihi.

Kuna jambo jingine lililonifanya nikatae kuziba yote. Chasisi nzima haiwi ngumu mara 300, kwa sababu mihimili imeunganishwa na vyuma vya kukatiza kwa riveti. Ukiifanya mihimili kuwa migumu halafu ukaacha viungo vilevile, mnyongo uliokuwa umesambaa kwenye mita tano za chuma unahamia kwenye riveti chache. Kuziba yote kunadai pia vyuma vipya vya kukatiza na springi zilizochaguliwa upya. Gari hili linabeba mizigo kwenye barabara mbovu. Halikimbii mashindano. Nikamweleza kwamba nyuma ya kabini, chini ya bodi ya mizigo, nataka mihimili ibaki wazi ijinyonge kidogo kama ilivyozaliwa, na pia isiwe mfereji wa kutunza matope.

Tulikubaliana hivi: kuondoa pleti ya zamani, kutibu ufa, kuziba mihimili yote miwili kuanzia nyuma ya vishikio vya injini hadi kupita chuma cha mikono ya nyuma, na kubadilisha chuma hicho chenyewe. Wazo la kutafuta chasisi nyingine tulilipitia pia, na kama kutu ingekuwa imekula ukuta wa mhimili, ningelishikilia hilo na kukataa kazi. Tuligonga kwa nyundo ndogo urefu wote, tukapima unene mahali kumi na mbili. Hakuna mahali palipokuwa pameshuka chini ya mm 3.6.

Neno moja kwa anayesoma akiwa na lori kubwa la kisasa: mihimili ya malori mengi mazito ni ya chuma kilichotiwa makali kwa joto, na moto wa kuchomelea unakiharibu. Huko fuata maandishi ya mtengenezaji. Chasisi ya C10 ni chuma laini cha kawaida, kinakubali kuchomelewa.

Kazi

Tangi lilitoka kwanza, na mipira yake, na kiti. Bomba za breki na nyaya zilizopita ndani ya mhimili zikafuata. Betri ilifunguliwa na kompyuta ya injini ikachomolewa plagi zake. Niliwakataza vijana kutumia dawa ya kusafishia breki karibu na eneo la kuchomelea, kwa kuwa zile zenye klorini zikikutana na moto wa mashine hutoa gesi inayoua. Mafuta na grisi tuliondoa kwa asetoni, tukaiacha ikauke kabisa kabla ya cheche yoyote.

Kisha tukanyoosha. Hii ndiyo sehemu watu huruka, na ukiiruka unachomelea kosa na kulifanya la kudumu. Bodi ya mizigo ilishaondolewa. Tuliiweka chasisi kwenye stendi nane ili isining'inie popote, tukashusha timazi kutoka matundu yanayofanana ya kushoto na kulia, tukatia alama sakafuni kwa chaki, na tukapima mishazari kwa futikamba. Mhimili wa kushoto ulikuwa umelegea mm 5 mahali pa ufa. Niliuinua kwa jeki ndogo, taratibu, hadi mishazari ikatofautiana kwa mm 1 na ufa ukajifunga wenyewe.

Pleti ya zamani iliondolewa kwa grainda, mshono kwa mshono, nikisaga pleti na kuacha mhimili. Ilichukua siku nzima. Patasi ya moto ingeimaliza kwa saa moja na kuacha mhimili una makovu.

Kwa ufa, nilitoboa tundu la mm 6 mbele kidogo ya mwisho wake unaoonekana, kwa sababu ufa daima umefika mbele zaidi ya jicho. Nikauchimba kwa umbo la V kutoka nje, nikaacha upenyo wa mm 2 chini, nikaweka kipande cha shaba nyuma yake ili chuma kilichoyeyuka kisidondoke. Mshono wa kwanza ulipenya hadi upande wa pili, wa pili ukajaza. Kwenye ukingo wa bawa niliweka vipande vidogo vya chuma vya kuanzia na kumalizia, ili mwanzo na mwisho wa mshono, ambako kasoro hujificha, uwe nje ya mhimili, nikavikata baadaye. Kisha kusaga hadi usawa, na hapa mkono uwe makini: mikwaruzo ya grainda ilale kwa urefu wa mhimili. Mkwaruzo unaokatiza bawa ni mbegu ya ufa mwingine. Nilimalizia kwa msasa mpaka kidole hakihisi mahali palipokuwa na jeraha, nikarudia dawa nyekundu. Poda ilibaki nyeupe.

Pleti za kuzibia tulizikata kwa kufuata ruwaza za kadibodi, kwa kuwa mhimili wa C10 hauendi sawa, una mahali unashuka na kupanda. Unene ni mm 3. Aliyekuwa akinisaidia alishangaa kwa nini si mm 6 wakati zipo. Pleti ya kuzibia isizidi unene wa mhimili, la sivyo unarudi kwenye kosa la kiraka cha turubai. Niliiingiza ndani ya mdomo wa C mm 6 kutoka ukingo wa mabawa, ili mshono ukae kwenye kona ya ndani na ukingo wenyewe ubaki haujaguswa na moto. Ncha zake mbili nilizikata kwa umbo la mdomo wa samaki, mrefu sentimita 15, ili ugumu upungue kidogo kidogo badala ya kukatika. Ncha za kushoto na za kulia hazikuishia mahali pamoja. Nilizipishanisha sentimita 20. Na kwenye ncha zote mshono ulisimama mm 20 kabla ya mwisho. Hakuna mshono wa pleti hata mmoja unaokatiza bawa.

Matundu ya kupitishia nyaya na ya kufikia nati niliyapanga katikati ya kina cha pleti, ambako mkazo wa kupinda ni mdogo kabisa. Kwenye bawa hatutoboi, hata tundu la skrubu ya kushikia bomba la breki. Kwa maji, niliacha sentimita 3 bila mshono kwenye ukingo wa chini wa pleti mahali pa chini kabisa pa kila upande. Boksi lisilo na pa kutolea maji litaoza kutoka ndani, nawe utaona rangi nzuri nje hadi siku litakapokatika.

Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya subira. Vidonge vya kushikiza kila sentimita 10, kisha mishono ya mm 30, mmoja huku, mwingine mita moja mbele, wa tatu upande wa kulia wa gari. Hupigi mshono wa pili jirani ya ule wa kwanza mpaka kiganja kiweze kukaa juu ya chuma. Mshono unapopoa unavuta, na hapa mishono yote iko upande wa ndani wa mhimili, kwa hiyo katikati ya mhimili inataka kutoka nje kama upinde. Tulikuwa tumebana mihimili kwa vyuma viwili vya kukatiza vya muda.

Hata hivyo nilikosea. Upande wa kulia, jioni ya siku ya tatu, nilitaka kumaliza sehemu iliyobaki nikapiga mishono mitatu mfululizo. Asubuhi timazi ikaonyesha mhimili umetoka mm 3. Kuna wanaosema mm 3 si kitu kwenye pikapu. Kwangu ilikuwa kitu, kwa kuwa chuma kipya cha mikono kingeingia kwa kulazimishwa na kuishi maisha yake yote kikivutwa. Nilikata mishono ile mitatu, mhimili ukarudi hadi mm 1, nikaipiga upya kwa siku mbili badala ya moja.

Chuma cha kukatiza kinachoshika mikono kilibadilishwa na cha boksi kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hili. Riveti tulisaga vichwa, tukatoboa kiini, tukazigonga zikatoka. Boliti ni za daraja la nguvu la 10.9, na matundu yalisafishwa kwa rima, chombo cha kulainisha tundu hadi kipimo kamili, ili boliti iingie kwa kubana, kwa sababu riveti hujaza tundu lake na boliti iliyolegea itagongagonga hadi tundu liwe yai. Ndani ya mhimili uliozibwa, kila boliti ilipitishwa ndani ya bushi, kibomba kifupi cha chuma kilichochomelewa upande wa pleti. Bila bushi, ukikaza nati unakandamiza boksi kama kopo, kisha nguvu ya kukaza inapotea kidogo kidogo na boliti inalegea bila wewe kujua.

Ndani ya boksi tulipulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya katikati, mpaka ikatoka kwenye mianya ya chini.

Baada ya hapo

Jaribio lilikuwa lilelile la siku ya kwanza. Jeki mbele kushoto: nafasi kati ya kabini na bodi ilisogea mm 3 kushoto, mm 3 kulia. Mlango ulifunguka na kufunga jeki ikiwa upande wowote, kwa bawaba zilezile zilizokuwa mlangoni gari lilipoingia. Tulipakia kilo 500 na kurudia. Mlango haukubadilika.

Siku ya pili ya kuendesha alinipigia simu kusema mbele kulia kuna mdundo ambao haukuwepo. Tulikuta shokamzoba imevuja kitambo. Zamani chasisi ilikuwa ikijinyonga na kufanya kazi ya springi, ikaficha ubovu huo. Sasa kila mtikisiko unakwenda kwenye springi na shokamzoba moja kwa moja, na kilichochoka kinajitangaza. Tulibadilisha mbili za mbele kwa pamoja.

Nilimtaka arudi kila baada ya muda. Baada ya kilomita 1,000 tuliangalia alama za rangi nilizochora juu ya kila nati hadi kwenye chuma. Zote zilikuwa bado mstari mmoja. Baada ya kilomita 5,000 nilisafisha ncha zote nne za pleti pamoja na mahali pa ufa wa zamani, nikapuliza dawa nyekundu na poda. Tulisubiri dakika 20, yeye amechuchumaa pembeni akishika taa. Poda ilibaki nyeupe kote. Alipoinuka aliniuliza kuhusu kufunga ndoano ya kuvutia trela. Nikamwambia asiruhusu mtu aichomelee kwenye mihimili ya nyuma, ile tuliyoiacha wazi, na kwamba ailete ndoano yenyewe kwanza tuone itafungwa wapi kwa boliti, kwenye ukuta wa mhimili, mbali na bawa la chini.